Redio koli ifungwe dereva akiwa kitini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mahali panapofungwa redio koli, yaani redio ya mawasiliano ambayo dereva huzungumza kwa maiki, ndani ya magari ya utalii hapa Arusha. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kila msimu unapokaribia kuchanganya mwezi Juni karakana yetu hupokea Land Cruiser ambazo wenyewe wanalalamika kwamba redio haisikiki, inajizima, au maiki imekatika waya. Mara nyingi redio yenyewe huwa nzima. Kosa liko kwenye uamuzi uliofanywa siku ya kuifunga, nao ulifanywa na mtu ambaye hakuwahi kuliendesha gari hilo wala hakumwita atakayeliendesha.

Utaratibu uliozoeleka unajulikana. Chesisi hukatwa ikarefushwa, bodi ikachomelewa, paa la kuinua likawekwa, viti vikashonwa, rangi ikapigwa, ndipo mwishoni kabisa, wakati mwenye gari anaulizia funguo, anapoletwa fundi wa redio akiwa na boksi lake na pakiti ya skrubu. Yeye hutafuta nafasi iliyobaki. Kwa kuwa sehemu za juu zote zimekwisha kufunikwa kwa mbao na kitambaa, nafasi inayobaki huwa ni ile ya chini ya dashibodi katikati, juu kidogo ya gia, karibu na goti la kushoto la dereva. Redio nyingi ziko hapo hadi leo, na kwa maoni yangu hapo ni pabaya kuliko mahali pengine popote ndani ya gari la namna hiyo, ukiondoa tu mbele ya mfuko wa hewa wa abiria.

Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto unaobadilisha gia ndio huohuo unaoshika maiki. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina vishikio viwili sakafuni: cha gia na, pembeni yake, kile kifupi cha kuingiza magurudumu yote manne. Waya wa maiki ni wa kujiviringa, na redio ikiwa chini, waya huo hulala palepale vishikio hivyo vinapopita. Dereva anayezama kwenye udongo mweusi wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, wakati wa mvua hukivuta kishikio kifupi kwa haraka, kumbe waya umeshajizungusha juu yake. Anavuta mara ya pili kwa nguvu zaidi, na plagi ya maiki inang'oka pamoja na kipande cha soketi. Redio za namna hiyo ukizifungua unakuta soketi imepasuka upande mmoja tu, ule unaoelekea kwenye gia. Mwenye gari ataambiwa kwamba dereva ni mzembe, atakatwa mshahara wa maiki mpya, na maiki mpya itarudishwa palepale.

Kuna pia suala la macho. Redio iliyo gotini humlazimu dereva ainamishe kichwa ili aone namba ya chaneli, na barabara ya kutoka Ngorongoro kupitia lango la Naabi hadi Seronera, katikati ya Serengeti, pamoja na rasta zake (vile vijituta vya mfululizo vinavyolitetemesha gari) na vumbi la gari lililotangulia, haimpi mtu nafasi ya kuangalia chini hata kidogo. Ni kweli kwamba dereva mwenye busara husimama pembeni kwanza ndipo azungumze. Lakini kusikiliza hakumsubiri asimame, na kuhamisha chaneli anapotoka eneo moja kwenda jingine hufanyika akiwa mwendoni, tupende tusipende.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji chombo chochote. Dereva akae kitini, afunge mkanda na kuukaza kana kwamba gari limefunga breki ghafla, ashike usukani kwa mkono wa kulia, kisha anyooshe wa kushoto bila bega kuachana na kiti. Eneo lote ambalo vidole vinafika, bila waya wa maiki kulazimika kupita juu ya gia, ndilo eneo halali la uso wa redio na kulabu ya maiki. Dereva mfupi na dereva mrefu hawatalingana, na gari linaloendeshwa na watu wawili kwa zamu lipimwe kwa mfupi. Wekeni alama kwa chaki au utepe, kisha fundi aletwe.

Jambo linalorahisisha kazi hii ni kwamba redio nyingi za kazi zinazouzwa leo zinaweza kutenganishwa: uso wenye vitufe na kioo cha namba hukaa sehemu moja, na mwili wenye mashine hukaa kwingine, vikiunganishwa kwa kebo. Seti ya kutenganishia hununuliwa pembeni, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapofunga pochi. Wangejua kwamba uso ni mwepesi lakini mwili huzidi kilo moja, na kwamba chuma cha uzito huo kikichomoka kwenye skrubu gari linapopinduka hakichagui kichwa cha kuangukia, nadhani wangeifungua tena.

Kwa magari yaliyorefushwa, mimi napendelea uso wa redio ukae juu, katikati, baina ya vikinga jua viwili, kwenye sehemu ya mbele ya paa ambayo haiinuki. Hapo macho ya dereva hayatoki mbali na barabara, waya wa maiki unaning'inia mbali na gia, na spika ndogo ikiwekwa karibu na sikio lake sauti inaweza kupunguzwa kiasi kwamba mgeni wa kiti cha nyuma anaendelea kusikiliza ndege. Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito: dereva mrefu hugonga kichwa gurudumu linapotumbukia shimoni. Ndiyo maana nasema katikati, si juu ya kichwa chake, tena uso peke yake, bila boksi zima kama nilivyowahi kukuta likiwa limefungwa kwa skrubu nne za bati kwenye plaiwudi.

Kwa pikapu za doria na za watafiti, ambazo paa lake ni chini na ndani kuna watu waliovaa kofia, sehemu ya juu ya uso wa dashibodi, kushoto kwa usukani, inafaa zaidi. Juu ya dashibodi penyewe, chini ya kioo cha mbele, hapafai kwa gari lolote. Redio ikikaa hapo huziba kona ya barabara ambayo mtoto au mbuzi hutokea, na jua la mchana huichoma kupitia kioo. Watengenezaji wengi wa redio za kazi huweka kikomo cha joto kuwa nyuzi 60 za selsiasi, na dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani inaweza kuvuka hapo kabla redio haijaanza kutoa joto lake yenyewe. Katika magari mapya yenye mifuko ya hewa, fundi asitoboe chochote kabla ya kujua mifuko iko wapi, ikiwemo ile ya pembeni inayoshukia kwenye nguzo za kioo cha mbele. Kebo ya antena ikipitishwa mbele ya mfuko huo huweza kuuzuia usifunguke sawasawa.

Mwili wa redio nao unahitaji mahali pakavu na penye hewa. Chini ya kiti cha abiria wa mbele panafaa iwapo utainuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu maji ya kuvuka mto huingia kwa chini na tope la viatu hukaa hukohuko. Usilale kwenye zulia, kwani mapezi ya kupozea yaliyo mgongoni mwake yanatakiwa kupumua. Vumbi la majivu la upande wa Ndutu, laini kama unga wa muhogo, huyajaza yakawa bapa, na redio inapozidi joto hupunguza nguvu yake ya kurusha bila kumwambia mtu. Ufungwe kwa bolti zinazopenya bati, zenye washa pana na nati za kujibana. Skrubu za bati hazistahimili rasta. Hulegea kidogo kidogo, tundu likapanuka, na dereva akaanza kukunja gazeti akilichomeka pembeni ili boksi lisigonge.

Sasa niseme kuhusu antena, maana wengi huchagua mahali pa redio kwanza na antena ikafuata kama mkia, ilhali antena ndiyo inayoamua utasikika umbali gani. Katika masafa ya VHF, tuseme megahezi 150, wimbi lina urefu wa mita 2, na antena ya robo wimbi huwa kama sentimita 50. Antena hiyo haifanyi kazi peke yake. Inahitaji bati pana chini yake, na katikati ya paa la chuma ndipo panapofaa kuliko pote. Tatizo letu ni kwamba paa la gari la utalii linainuka, na jingine ni la faiba ambayo kwa antena ni sawa na hewa tupu. Kwa hiyo antena nyingi zimehamishiwa kwenye ngao ya mbele. Pale zinafanya kazi, ila ziko chini ya kimo cha paa, bodi inazikinga kwa nyuma, na nguvu haisambai sawa pande zote. Ukiwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, kuta zake zikiwa zimepanda kama mita 600 kukuzunguka, unategemea ripita iliyo juu, yaani mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha tena mbali zaidi, na nguvu yoyote uliyoipoteza ndani ya gari hutaipata tena.

Mimi huifunga kwenye ukingo wa mbele wa paa, sehemu ileile isiyoinuka, ikiwa ni ya chuma. Ikiwa ni faiba, huweka bamba la chuma kwa ndani kabla kitambaa hakijashonwa. Lakini hapa lazima nitoe tahadhari ambayo sijaisikia ikitolewa kwenye karakana zetu. Wageni husimama paa likiwa wazi, na nyuso zao huwa kwenye kimo kilekile cha antena. Redio ya gari hurusha wati 25 hadi 50, mara tano hadi kumi ya redio ya mkononi ya wati 5, na miongozo ya watengenezaji hutaka abiria wakae takriban mita moja kutoka kwenye antena wakati wa kurusha. Pale ambapo umbali huo haupatikani kwenye paa, antena irudi kwenye ngao au kwenye ukingo wa boneti na tukubali hasara. Baada ya kufunga, kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena (SWR, ambacho 1 ndiyo bora kabisa) kichukuliwe mara mbili, paa likiwa limefungwa na likiwa wazi. Kikisoma 1.5 au chini ya hapo, kazi ni nzuri. Kikisoma 2, asilimia 11 hivi ya nguvu inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani, na chanzo kitafutwe.

Umeme nitaupitia kwa kifupi. Redio ya wati 50 huweza kuvuta ampea 12 inaporusha. Ukiivutia waya wa milimita 1.5 za mraba kutoka betri iliyo mita 5 mbali, unapoteza zaidi ya volti 1 njiani kwenda na kurudi; waya wa milimita 4 za mraba hupunguza hasara hiyo hadi nusu volti. Fyuzi ikae karibu na betri, kabla waya haujapenya bati linalotenganisha injini na abiria, na tundu la kupenyea liwekwe raba. Baadhi ya Land Cruiser zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina umeme wa volti 24, betri mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mfuatano, na wapo mafundi wanaochota volti 12 kwenye betri moja tu. Betri hiyo itakuwa pungufu siku zote na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zife. Kigeuzi cha volti 24 kwenda 12 ni rahisi kuliko betri mpya. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuchajia kamera za wageni nayo iwekwe mbali na redio na kebo yake, maana nyingi hutoa mkoromo unaofunika sauti ya mtu aliye mbali.

Maombi yangu ni mawili, na yote yanawahusu wenye kampuni na wenye karakana za kurefusha magari, kwa kuwa dereva hana sauti katika hili. Kampuni iandike kwenye oda ya kazi mahali redio itakapokaa, kama inavyoandika idadi ya viti, na dereva aitwe apimwe kabla bodi haijafunikwa. Karakana nayo, wakati gari bado liko uchi, ipitishe bomba la plastiki la milimita 25 kutoka chini ya kiti cha abiria hadi juu ya kioo cha mbele, jingine kutoka hapo hadi mahali pa antena, na ichomelee bamba la chuma palipowekwa alama. Kwa hatua hiyo ni kazi ya nusu siku kwa mchomeleaji mmoja. Kitambaa kikishashonwa, ni kubomoa paa zima.

Fundi umeme wa magari,
Arusha