Saa 12:30 asubuhi bado ni usiku kwa mwanafunzi wa Arusha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie saa ambayo watoto wetu wa sekondari hutakiwa kufika shuleni, jambo ambalo sisi wazazi hulilalamikia vituoni na kwenye vikao vya vikoba, lakini hatulifikishi mahali linapoweza kuamuliwa.

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa mjini, nasi tunaishi upande wa Muriet. Kipindi cha kwanza huanza saa 2:00 asubuhi, lakini mwanafunzi hutakiwa awe ameshaingia getini saa 12:30, kwa ajili ya usafi wa mazingira na kile kinachoitwa masomo ya asubuhi, na anayechelewa humkuta mwalimu wa zamu akimsubiri na fimbo. Ili awahi, binti huyu huamka saa 10:30 alfajiri, kwa kuwa makonda wa vifodi hawapendi kubeba wanafunzi kutokana na udogo wa nauli yao, na hutokea magari mawili au matatu yakampita kabla hajapata la kumchukua. Usiku hulala saa 4:30, akishaosha vyombo na kumaliza kazi alizopewa na walimu. Hizo ni saa sita za usingizi, na ni siku ambayo umeme haujakatika.

Mwezi uliopita nilifungua daftari lake la Baiolojia nikitafuta karatasi ya mchango. Katika kurasa za kipindi cha kwanza mwandiko unaanza vizuri, kisha herufi zinalegea, neno linakatika katikati, na alama ya kalamu inateremka peke yake hadi ukingoni mwa ukurasa. Kurasa za vipindi vya baada ya mapumziko ya chai zimenyooka kabisa. Nilipomwonyesha hakukana. Alisema, "Mama, sauti ya mwalimu huwa naisikia, maneno ndiyo siyasikii."

Najua wapo watakaosema kwamba huo ni uvivu, au kwamba ni simu. Simu zina sehemu yake, sikatai, na mzazi anayemwachia mtoto simu chumbani usiku ajilaumu mwenyewe. Lakini wataalamu wa usingizi wameeleza kwa miaka mingi kwamba mtoto anapobalehe, homoni ya melatonini, inayouashiria mwili kwamba wakati wa kulala umefika, huanza kutolewa usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, hata ikachelewa kwa saa moja au mbili. Kijana wa miaka 15 akiambiwa alale saa 3 usiku huweza kulala chali akitazama dari, si kwa ukaidi bali kwa sababu mwili wake haujafika huko. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Kwa hiyo binti yangu hupungukiwa angalau saa mbili kila siku ya shule, yaani saa kumi kwa juma, deni ambalo Jumamosi moja yenye nguo za kufua hailipi.

Huko Marekani hoja hii imeshatoka kwenye maandishi ya madaktari ikaingia kwenye sheria. Madaktari wa watoto walishauri mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likaweka muda huo katika sheria kwa shule za sekondari ya juu, sheria iliyoanza kutumika Julai 2022. Jiji la Seattle lilikuwa limetangulia: mwaka 2016 lilisogeza kengele ya sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45, na watafiti waliowapima wanafunzi kwa vifaa vinavyovaliwa mkononi kama saa wakakuta kwamba usingizi wao uliongezeka kwa takriban dakika 34 kwa usiku. Nalitaja hilo kwa sababu ya wale wanaodai kwamba mtoto akiongezewa muda asubuhi ataupoteza kwa kukesha. Hawakuupoteza, walilala.

Sisi tuna sababu nyingine ambayo sijaona ikizungumzwa. Hesabu yetu ya saa hufuata jua: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko. Lakini saa rasmi ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Arusha iko kwenye nyuzi 36 na kitu, hivyo jua hutufikia zaidi ya nusu saa nyuma ya saa ya ukutani. Mwezi Julai, wakati ukungu wa Meru umelala mpaka barabarani na baridi inaingia kwenye sweta, jua huchomoza baada ya saa 12:30. Mtoto anayefagia uwanja wa shule saa hiyo anafagia gizani, na aliyetoka nyumbani saa 11 ametembea kwa tochi ya mama yake, kwa sababu mimi humsindikiza mpaka kituoni na kurudi peke yangu. Anayetembea kwa miguu kutoka vijiji vya pembezoni sina haja ya kumweleza.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni la wazazi wanaowahi sokoni Kilombero au kwenye vibarua, ambao hupenda mtoto atoke kabla yao ili wafunge mlango wakiwa na amani. Kwa mtoto wa darasa la pili nawaelewa. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kufunga mlango. Kuhusu hofu ya wasichana kurudi jioni sana, tukumbuke kwamba hapa kwetu jua halizami kabla ya saa 12 jioni mwezi wowote wa mwaka, kwa hiyo masomo yakisogezwa kwa nusu saa bado watafika nyumbani mchana mweupe, jambo ambalo hatuwezi kulisema kuhusu safari yao ya alfajiri.

Ninachoomba si kikubwa: kipindi cha kwanza kianze saa 2:30, usafi ufanywe baada ya masomo, na shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa 2:00. Masomo ya asubuhi yabaki kwa wanaokaa jirani na wanaoyataka. Nilipomuuliza kiongozi mmoja wa shule agizo la saa 12:30 limeandikwa wapi, alinijibu kwa upole kwamba wamelikuta. Naomba afisa elimu wa jiji atujibu kupitia ukurasa huu kama kuna waraka unaoiagiza saa hiyo, na kama haupo, ni nani mwenye mamlaka ya kuiondoa.

Mzazi,
Muriet, Arusha