Tovuti za Hija zijaribiwe na mama zetu

Mhariri,

Msimu wa Hija ukikaribia, huku Kibokoni vijana hugeuka makarani wa wazee wao. Juzi ilikuwa zamu yangu. Mamangu, aliyeweka akiba miaka mingi kwa kuuza mahamri, alinipa simu yake tuangalie tovuti ya wakala mmoja wa hapa mjini. Ilifunguka kwa video ya Kaaba, nzuri mashallah, ikala bando lote kabla hatujaona bei. Bei yenyewe ni ya dola. Hoteli nayo "iko karibu na Haram", yaani Msikiti Mtakatifu wa Makka. Karibu kwa nani? Mwenye magoti mabovu anauliza dakika ngapi kwa miguu, na kama kuna ngazi.

Ikaja fomu, inataka jina la ukoo. Huku kwetu mtu ana jina lake, la babake na la babu yake. Mama akaandika ukoo wa kwao, ambao haumo kabisa kwenye pasipoti, na viza yafaa ilingane na pasipoti. Maneno machache ya Kiswahili juu ya kile kisanduku, "andika kama ilivyo kwenye pasipoti", yangemwokoa. Tarehe nazo zote ni za kizungu. Mama anahesabu Mfunguo Tatu, mwezi wenyewe wa Hija. Siku ya Arafa kwake ni tarehe tisa ya mwezi huo, basi.

Lakini lililonikera zaidi ni lile ambalo halikuandikwa. Siku hizi kibali cha kuingia Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume kule Madina, huombwa kwa programu ya Nusuk ya Saudi Arabia, na mtu hupangiwa siku na saa yake. Mama atakuwa Madina na simu mkononi, karani wake yuko Kibokoni. Kwa nini asielezwe mapema aipakue programu hiyo angali nyumbani, afundishwe kuifungua, na nambari ya siri aiandike kwenye daftari lake?

Najua mawakala watasema mambo hayo hufundishwa kwenye semina. Ni kweli, nami nimehudhuria moja, ustadhi alisomesha vizuri sana. Ila anayetoka Kwale au Lamu hulipa nauli kuja kusikia, na akirudi kwake nusu kashasahau. Maelezo hayohayo yangewekwa kwenye tovuti kwa sauti, vipande vya dakika mbili mbili, ayasikilize tena usiku kitandani.

Ombi langu kwao ni hili: kabla ya kumlipa fundi wa tovuti, mkalisheni mama mmoja mtu mzima na simu yake mwenyewe, mumtazame anavyohangaika, na asisaidiwe na mtu. Mamangu yuko tayari. Mumwekee bando tu.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa