Risala ya Wakazi wa Mtaa wa Mlimani, Jijini Mwanza, kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Michango ya Barabara na Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wetu,
Mwenyekiti na Kamati ya Serikali ya Mtaa, Watendaji wa Kata na Mtaa,
Wataalamu wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) na wa MWAUWASA (Mamlaka ya Maji ya Mwanza),
Wazee wetu, mama zetu, vijana na ndugu wananchi,

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine tunawasalimu kwa heshima zote. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kupanda mlima huu kwa miguu. Umejionea mahali gari linapoishia na ndoo inapoanzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakazi hawakatai kuchangia barabara ya mawe na bomba la maji. Mabishano yaliyochukua mikutano mingi ya mtaa yanahusu nani alipe kiasi gani, na fundi gani atangulie. Wapo wanaouliza kwa haki kabisa: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tunaponunua umeme, na mwaka huohuo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, sasa mchango huu ni wa nini? Swali hilo linajibika. Kabla mkazi hajaombwa shilingi, ubao wa matangazo wa mtaa uonyeshe gharama yote, Serikali inaweka kiasi gani, na pengo linalobaki ni kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kipande cha mita 300 chenye upana wa mita 4, yaani mita za mraba 1,200. Tabaka la mawe la sentimita 15 linahitaji mita za ujazo 180, na kitanda cha mchanga cha sentimita 5 kinahitaji 60. Kwa lori la mita za ujazo 5, hizo ni tripu 36 za mawe na 12 za mchanga, bila kuhesabu kingo na mitaro. Mawe tunayo, Mwanza ni mji wa miamba. Kazi ngumu ni kuyapasua, kuyachagua yenye uso bapa na kuyapanga yakiwa yamebanana, kitako kikiwa kimekaa imara mchangani.

Tuseme pengo la kipande hicho ni shilingi milioni 9, pande zote mbili za barabara zina jumla ya viwanja 30, kila kimoja kikigusa barabara kwa mita 20, na huko juu kwenye majabali kuna nyumba nyingine 30 zinazofikiwa kwa ngazi tu. Tukigawa sawa kwa sawa, kila nyumba inalipa 150,000, na bibi wa juu kabisa analipa sawa na mwenye fremu za maduka barabarani. Tukipima kwa urefu wa kiwanja kinachogusa barabara, wa chini analipa 300,000 na wa juu halipi chochote, ingawa bodaboda inayompeleka hospitali inapita hapohapo. Kamati inapendekeza nusu kwa nusu: milioni 4.5 zigawanywe kwa nyumba zote 60, na milioni 4.5 kwa mita 600 za viwanja. Wa juu atalipa 75,000 na wa barabarani 225,000. Kiwanja cha kona kihesabiwe upande mmoja tu, ule mrefu. Anayeleta mawe au siku za kazi, zikatwe kwenye deni lake kwa bei iliyopitishwa mkutanoni. Mwenye nyumba ndiye adaiwe, kwa sababu barabara inapandisha thamani ya nyumba yake. Asimtupie mpangaji mzigo huo.

Sasa maji, na hapa ndipo tunapoumia zaidi. Kila mita 10 za kupanda, presha ya maji hushuka takribani baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Bomba lenye baa 3 pale chini halitoi tone kwa nyumba iliyo mita 40 juu yake. Tunaomba presha ipimwe kwa geji asubuhi na usiku kabla nyumba yoyote haijatozwa mchango wa bomba. Ikipungua, lijengwe tangi juu na pampu ya kulijaza. Tangi hilo nalo liwekewe chemba za kupunguza presha njiani, la sivyo viungo vya nyumba za bondeni vitafumuka. Penye mwamba usiochimbika, bomba la plastiki lisiachwe juani. Linakanyagwa, na moto wa taka unaliyeyusha. Hapo pawekwe bomba la chuma lililofungwa kwa saruji kwenye jabali.

Na mabomba yatangulie mawe, Mheshimiwa. Barabara ikishapangwa kisha ikafukuliwa ili bomba lipite, mawe hurudishwa juu ya udongo usioshindiliwa. Mvua ya kwanza ya vuli inapenya, mchanga wa kitandani unachukuliwa na maji, jiwe moja linacheza, la jirani linafuata, na mchanga wote unateremka mitaroni hadi Mto Mirongo na ziwani. Bomba likivuja chini ya mawe, dalili yake ni majani mabichi yanayochipua kati ya mawe wakati wa kiangazi. Kila baada ya nyumba chache upitishwe mrija mpana chini ya barabara, ncha zake zizibwe na kuwekewa alama, ili atakayeunganishiwa maji baadaye asiguse jiwe.

Kwa heshima, tunaomba mambo haya. TARURA na MWAUWASA wakae meza moja na watie saini ratiba moja, kazi ianze Juni baada ya masika na mitaro iwe imekamilika kabla ya Oktoba. Mgawanyo wa mchango usomwe mkutano mkuu wa mtaa, uandikwe kwenye muhtasari, kisha upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata na Halmashauri. Fedha zilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu, hata akiwa mjumbe wetu. Wajane na wazee wasiojiweza wapewe awamu ndefu au wasamehewe, na majina yao yapitishwe na mkutano.

Hesabu zote tulizozisoma tumezichapa na kuziambatisha. Daftari la nyumba na vipimo vya viwanja liko kwa Mtendaji wa Mtaa, tayari kukaguliwa leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.