Mafundi wa intaneti, msituache na ruta iliyofungwa

Mhariri,

Kila Ijumaa baada ya Alasiri nawasomesha wajukuu zangu walioko Maskati kusoma Kiswahili, kwa Zoom. Tangu tuwekewe intaneti hapa nyumbani Wete, sauti hukatika na picha huganda. Mdogo wao anabaki mdomo wazi kwenye "ng'ombe", nami naita, "Hebu sema tena, baba," hanisikii. Nikitumia bando la simu, mambo shwari.

Fundi wa kampuni alinambia ninunue kasi kubwa zaidi. Nikanunua, haikusaidia kitu. Kijana wa jirani anayesomea kompyuta ndiye aliyeona tatizo: ukuta wa moto ("firewall", kichujio cha mawasiliano) ndani ya ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, uliwekwa kiwango cha juu kabisa, unapitisha kurasa za tovuti na kuzuia UDP, njia ya kupeleka data haraka bila kusubiri kilichopotea. Zoom hupeleka picha na sauti kwa UDP, milango ("ports", namba za kupitishia mawasiliano) 8801 hadi 8810. Ikizuiwa hupita kwenye TCP, njia nyingine ambako kipande cha data kikipotea vinavyofuata husubiri kirudiwe. Ndipo mtu anapoganda. Hakuuzima ukuta (nanyi msiuzime, ndio mlinzi wa nyumba), aliruhusu UDP inayotoka kwenda milango hiyo tu.

Naziomba kampuni: fundi asiondoke kabla hajapiga simu ya video mbele ya mwenye nyumba, na amwachie nywila ya ruta. Miezi mitatu nimelipia kasi nisiyoihitaji, na wajukuu walishaanza kulikimbia darasa.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba