Salamu za Noeli kutoka nyumbani kwa Kapteni

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu, jamaa, marafiki na ninyi nyote mliowahi kupanda boti ya Baba, nawasalimu kwa furaha ya Noeli kutoka hapa Butiaba, pwani ya Ziwa Albert upande wa Uganda. Mama anawasalimu. Kaka na dada zangu wanawasalimu, na wajukuu wamenisimamia hapa mezani wakitaka majina yao yawemo. Mwezi wa Agosti, tulipomzika Baba, salamu za pole zilitufikia kutoka Wanseko, Panyimur, Hoima, na ng'ambo ya ziwa, kule Mahagi na Kasenyi za Kongo, nasi hatukuwahi kumjibu kila mmoja. Basi pokeeni hizi ziwe salamu za sikukuu na ziwe asante yetu pia. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichosemwa botini. Mwalur, Mgungu, Mnyoro, Mhema na Mnubi walikaa ubao mmoja, na bei ya samaki walielewana kwa lugha hiyo.

Kwa vijana ambao hawakumkuta, Baba alikuwa nahodha wa boti ya mbao ya abiria, na watu wote walimwita Kapteni. Hata katekista wetu, akisoma majina ya wanaohudumu Jumapili, alisoma "Kapteni" na kupita. Kazi aliianza utotoni, amechuchumaa kati ya magunia, akitoa maji botini kwa jerikani iliyokatwa mdomo. Akawa baharia, akashika injini, na mwenye boti alipozeeka akamuuzia kwa malipo ya kidogo kidogo. Ziwa Albert alilijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwa mjomba wake. Ni ziwa refu, kama kilomita 160, lakini upana wake ni kama kilomita 30 tu, nalo limekaa ndani ya Bonde la Ufa, miinuko huku Bunyoro na milima kule Kongo. Mgeni akiona milima ya ng'ambo iko karibu hivyo, anadhani kuvuka ni mchezo. Upepo unaoshuka kwenye miinuko hiyo haupigi hodi. Unaondoka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, maji yametulia kabisa, na kabla hujafika katikati mawimbi yanakuja ubavuni.

Ndiyo sababu Baba alikuwa na kipimo chake. Abiria wakishakaa, magunia yakishapangwa, alisimama majini hadi mapajani, akaweka kiganja ubavuni mwa boti, kidole kidogo kikigusa maji, akapima kwa shubiri kwenda juu hadi ukingoni. Shubiri mbili, tunaondoka. Zikipungua, kitu kinashuka. Kwanza yalishuka makreti ya soda na magunia ya mkaa, na kama bado hazijatimia, watu walishuka na kurudishiwa nauli yao palepale mkononi. Hakupima kwa macho hata siku moja, ingawa macho yake yalikuwa mazuri. Kisha alifanya ishara ya msalaba, akasali Salamu Maria moja kwa sauti, akanyamaza kidogo ili Waislamu nao wamalize dua yao, ndipo akavuta kamba ya injini.

Msimu huu ndio uliokuwa mgumu kwake kuliko yote. Ninyi mnaofanya biashara mwaloni mnajua Desemba ilivyo. Kila mtu anataka kufika kwao kabla ya tarehe 25, ana mchele, ana kuku wamefungwa miguu, ana nguo mpya za watoto kwenye mfuko wa nailoni, na nauli inapanda maradufu. Mwenye boti anaweza kupata kwa wiki moja fedha ya miezi miwili. Nakumbuka mkesha mmoja wa Noeli, mimi nikiwa msichana wa shule, abiria walijaa mwaloni wakitaka kuvushwa kwenda Kongo, na kule juu ya milima palikuwa pameingia wingu zito. Baba akasema hatuondoki mpaka asubuhi. Watu walimtukana sana. Mama mmoja alilia machozi. Kijana mmoja akamuuliza, "Wewe umekuwa padri lini?" Mwisho wakachukua mizigo yao, wakahamia boti ya jirani, iliyoondoka jioni ileile imekaa chini majini kiasi cha kunitisha hata mimi mtoto.

Boti ile ilifika salama. Nalisema wazi kwa sababu mahubiri ya matanga yalikuwa na haraka ya kumfanya Baba nabii, na yeye mwenyewe asingekubali. Usiku ule hakulala hadi alipopata habari kwa simu ya mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo kwamba wote wamefika. Aliposikia hivyo alisema "Asante Mungu" kwa furaha ya kweli, akaja mezani akala. Alikuwa amepoteza nauli ya siku kubwa kuliko zote za mwaka, na mwalo mzima ulimcheka hadi Epifania. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Kwangu mimi huo ndio ucha Mungu wake, kuliko hata Rozari na misa: kwamba hakuhitaji ajali itokee ndipo aone kuwa alifanya sawa.

Na ajali zimetokea. Machi 2014 boti ya wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo kutoka kambi ya Kyangwali ilizama katika ziwa letu hili, wakafa watu zaidi ya 100. Noeli ya 2016 ilizama boti ya vijana wa Buliisa, timu ya mpira na mashabiki wao, waliokuwa wakienda kucheza mechi ya sikukuu. Watu wapatao 30 hawakurudi. Zipo nyumba kwenye pwani hii ambazo Noeli kwao ni siku ya kumbukumbu ya msiba. Tunawataja katika sala zetu kila mwaka, na mwaka huu pia.

Nataka kuwapa na hii, kwa sababu naisikia masikioni kila Dominika ya Majilio. Baba aliipenda sura ya 4 ya Injili ya Marko, pale Yesu amelala shetri, kichwa juu ya mto, na mawimbi yanaingia chomboni. Mapadri huihubiri kwa kuwakemea mitume kwa imani yao haba. Baba, mtu wa majini, aliwatetea: wale walikuwa wavuvi, alisema, wakiogopa ujue hali ni mbaya kweli. Lakini kilichomkaa moyoni ni kimstari kidogo ambacho wengi tunakiruka, kwamba jioni ile palikuwa na vyombo vingine pamoja nao. "Na wale je?" angetuuliza. Hawakumwona Yesu akiamka. Hawakusikia aliloliambia ziwa. Walikuwa gizani na kopo zao, wanatoa maji, wanaita majina ya watoto wao, na mara upepo ukakoma. Wakafika kwao wasijue ni kwa sababu ya nani. Baba alisema nahodha Mkristo ndivyo anavyopaswa kuwatendea watu wake: Mkatoliki, Mwanglikana, Mlokole, Mwislamu na asiyesali kabisa wapate utulivu mmoja, bila kuulizwa wanaamini nini. Sijasikia mahali pengine mafundisho yanayonifikia kuliko hayo, na aliyeyatoa alikuwa na elimu ya darasa la tano.

Nyumbani alikuwa mkali kidogo, sitaficha. Jumamosi jioni alifunga boti, akafunika injini, na hadi Jumatatu haikuguswa. Rozari ilisaliwa kila usiku, kila mtoto akiongoza fungu lake, na aliyesinzia alianza upya. Rozari hizo alizisokota mwenyewe kwa uzi wa nyavu, mafundo badala ya shanga, na ncha za uzi alizichoma kwa kiberiti ili zisifumuke. Kila mjukuu alipata yake siku ya Komunyo ya kwanza. Ya kwangu ina harufu ya petroli mpaka leo, nami sitaki iishe. Jikoni aliingia bila aibu. Angara wa moshi, wale samaki wa ziwa letu, aliwapika yeye, kwa karanga, akimwambia Mama akae tu, na majirani waliokuja kushangaa aliwapa sahani wale.

Palikuwa pia na gharama yake, na aliyeilipa zaidi ni Mama. Zipo Noeli ambazo tulikula bila yeye. Upepo ulikuwa umemzuia ng'ambo, naye hakuwa mtu wa kulazimisha ziwa kwa sababu ya mlo wa nyumbani kwake. Mama alifunga sehemu yake kwenye jani la mgomba, akaiweka juu ya rafu, na sisi tukaagizwa tusiiguse. Akija kesho yake, siku ya Mtakatifu Stefano, Noeli ilianza tena. Nilipokuwa mdogo nilinuna. Nilipoolewa na mtu wa majini ndipo nikamwelewa Mama, aliyekuwa akikaa kibarazani na kusikiliza injini, maana kila injini aliijua kwa sauti yake.

Mwaka 2020 maji yalipopanda na kuingia kwenye nyumba za mwambao, hapa Butiaba na mialo mingine, Baba alitumia boti kuhamisha vitanda, mbuzi, mabati na vikongwe. Kigango chetu, yaani kikanisa chetu cha kijijini, nacho kilihamia juu, na ile rimu ya gari tunayoipiga badala ya kengele ilisafiri botini, imelala kati ya masufuria. Mengi ya siku zile mnayajua wenyewe.

Watoto wakimwomba hadithi wakati wa Noeli, mara nyingi aliwasimulia ya Kigungu. Tarehe 17 Februari 1879 Padri Lourdel, huyo tunayemwita Mapeera, na Bruda Amans, wamisionari Wakatoliki, walifika pwani ile ya Entebbe kwa mtumbwi, wakitokea kusini mwa Ziwa Viktoria. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wametangulia mwaka 1877, nao wakapitia ziwani vilevile. Baba alifurahi sana kwamba Injili iliingia Uganda kwa maji. Wapiga makasia wale, alisema, hatujui jina la hata mmoja, lakini bila wao padri angebaki pwani ya ng'ambo na biblia yake. Siku moja nilimpeleka Kigungu. Alisali kidogo, kisha akatumia muda mrefu zaidi kutazama mahali ambapo mtumbwi ungeweza kutia nanga, akaniambia walichagua vizuri.

Miezi yake ya mwisho hakuweza tena kuteremka mwaloni. Kila jioni aliuliza upepo unatoka wapi, na kaka yangu alitakiwa ajibu sawasawa. Ukimjibu kwa kubahatisha alijua. Alifia kitandani mwake, amekwisha kupokea Komunyo, Mama ameshika miguu yake kwa sababu alilalamika inapata baridi. Mabaharia waliowahi kufanya kazi naye walikuja hata kutoka Ntoroko, wakalibeba jeneza lake wenyewe kupanda mlima, hawakutaka gari.

Sasa, salamu zenyewe. Ninyi manahodha wote wa ziwa hili, wa Uganda na wa Kongo, Mungu awape Noeli njema na moyo wa kusema hapana mbele ya watu wenye haraka. Ninyi mabaharia, kopo lisikose botini. Akina mama wa samaki, mnaolala mwaloni mkisubiri boti za usiku, Mungu awalipe. Ninyi mliompoteza mtu majini na hamkupata hata mwili wa kuzika, hatuwasahau. Mama amewawekea nia ya misa. Na ninyi abiria, nawaomba kwa jina la Baba: mkiambiwa boti imejaa, teremkeni bila ugomvi. Jaketi okozi vaeni, msiikalie.

Misa ya kumwombea Baba itakuwa tarehe 27 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mtume aliyekuwa mvuvi, saa nne asubuhi hapa kigangoni. Baada ya misa ni chakula nyumbani kwetu, ugali wa muhogo, matoke na angara, kila mtu anakaribishwa, awe wa dini yoyote. Wa kutoka Hoima, barabara ni lami mpaka huku, hamna kisingizio. Wa ng'ambo, kaka yangu ndiye mwenye boti sasa, ataondoka kwenu alfajiri tarehe 26, shubiri ni zilezile mbili, kwa hiyo msilete mizigo ya biashara siku hiyo. Upepo ukiwazuia, bakini huko. Mama ameshasema sehemu zenu zitafungwa na zitawangoja hata mkija mwaka mpya.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya kwenu nyote. Mje na vikombe vyenu, maana vya hapa nyumbani havitatosha.