Unga wa kahawia chini ya mti

Grafenau, Ujerumani
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Baridi imeshaanza kubisha hodi. Asubuhi ukungu unalala bondeni mpaka saa nne ndipo unapoanza kunyanyuka. Nimefurahi kusikia mguu wa bibi umepata nafuu, na kwamba shemeji amerudi salama kutoka doria.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza, wenzetu wa Ulaya wana magari, wana fedha, hawana majangili wa pembe wala tembo wa kuingia mashambani, sasa wahifadhi wao wanahangaika na nini? Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona haitatosha. Acha nikuandikie kama zamani.

Kinachowahangaisha hapa nilipo kina urefu wa milimita tano. Ni mbawakawa wa magome. Wajerumani wanamwita mchapa vitabu, na sababu ya jina hilo niliiona siku yangu ya pili kazini. Mzee mmoja tuliyepangwa naye zamu alinipeleka kwenye msprusi, mti wa ukoo mmoja na misonobari, umenyooka kama nguzo ya umeme. Akapiga magoti akaniambia nitazame penye mizizi. Palikuwa na unga wa kahawia, kama kahawa iliyosagwa iliyomwagikia kwenye utando wa buibui. Ukiona unga huo, mti umeshaingiliwa, hata kama kule juu bado ni wa kijani na mpita njia hawezi kushuku lolote. Kisha akabandua kipande cha gome kwa kisu. Ndani kulikuwa na njia moja iliyonyooka, aliyochimba jike akitaga mayai, na kutoka kwenye njia hiyo vijia vya watoto vikienda kushoto na kulia, vimepangana kama mistari ya ukurasa.

Msprusi wenye maji ya kutosha unajitetea. Mdudu akitoboa, utomvu unatoka na kumzamisha. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kumtosha adui. Halafu joto likizidi, mbawakawa anazaa vizazi viwili kwa mwaka, miaka mingine vitatu. Kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame unaidhoofisha miti na kumnenepesha mdudu kwa wakati uleule.

Hifadhi yenyewe inaitwa Bayerischer Wald, iko mpakani na Czech. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani, ilifunguliwa Oktoba 1970. Na unajua nani alikuwa mstari wa mbele kuipigania? Bernhard Grzimek, yule mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani. Yule yule tuliyesimama mbele ya kaburi lake ukingoni mwa Ngorongoro tukiwa wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, kando ya mwanawe Michael aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959. Miaka yote nilimhesabu kuwa mtu wa Serengeti tu. Nilipokuta jina lake huku, kilomita maelfu kutoka pale tuliposimama, nilikaa kimya kidogo.

Ukubwa wake ni karibu hekta 25,000. Hifadhi yenu ya Ruaha inaimeza mara themanini. Kumbuka hilo unapofikiria hifadhi za Ulaya: ni vipande, na kila kipande kimezungukwa na shamba la mtu, barabara ya mtu, msitu wa mbao wa mtu.

Mwaka 1983 dhoruba iliangusha miti mingi sana hapa. Desturi ya misitu ya huku ni kukimbilia kuondoa magogo kabla mdudu hajazaliana. Waziri wa kilimo wa jimbo la Bavaria wakati huo, Hans Eisenmann, akaamua magogo yaliyo ndani ya hifadhi yaachwe. Maumbile yaachwe yawe maumbile. Ndiyo kaulimbiu yao mpaka leo. Katika miaka ya 1990 mbawakawa wakalipuka, wakaua misprusi kwenye maelfu ya hekta huko juu. Milima mizima ikawa kijivu.

Mama mwenye nyumba ninayopanga alikuwa msichana wakati huo. Ananiambia dirisha la jikoni kwao lilitazama mlima Lusen, na baba yake alikuwa na kiti chake pale. Msitu ulipokufa mzee aligeuza kiti, akawa anakula akitazama ukuta, mpaka alipofariki. Alikuwa amekata na kupanda misprusi tangu utoto. Kwake mtu anayeacha mti ufe bila kuinua shoka hakuwa mhifadhi, alikuwa mzembe. Wanavijiji waliandamana na kuwatukana maofisa wa hifadhi, na mama huyu anasema zipo familia ambazo hazikusemezana kwa miaka kwa ajili ya jambo hili.

Mwezi uliopita nilipanda Lusen, mita 1,373. Vigogo vya zamani bado vipo, vyeupe kama mifupa, vingine vimesimama, vingine vimelala. Na katikati yao kuna msitu mchanga, mrefu kunizidi, ambao hakuna aliyeupanda. Misprusi tena, lakini safari hii imechanganyika na miti ya majani mapana, na umri haulingani, mikubwa kwa midogo. Nilishika tawi moja nikamkumbuka yule mzee na kiti chake. Laiti angeishi ageuke tena.

Hadithi ingeishia hapo ningekwambia wenzetu wameshinda. Lakini msitu ule mchanga ulizaliwa katika hali ya hewa ya miaka ya 1990. Kuanzia 2018 Ujerumani imepata miaka kadhaa ya ukame, na kule Harz, hifadhi nyingine ya milimani, misprusi imekufa kiasi kwamba mgeni akifika anadhani palipigwa bomu. Mwaka 2022, upande wa Czech karibu na mpaka wa Saxony, moto uliteketeza zaidi ya hekta 1,000 za hifadhi, nyingi zikiwa na misprusi iliyokauka. Sasa swali limerudi kwa nguvu mpya: je, kuacha maumbile yawe maumbile bado kuna maana, kama joto lenyewe tumelitengeneza sisi? Na zaidi ya hapo, viumbe wa baridi hukimbilia juu joto linapopanda, lakini kilele cha juu kabisa hapa ni mita 1,453. Ukifika pale, mlima umekwisha. Spishi ya kileleni haina pa kuhamia.

Hilo ndilo naona ni zito kuliko yote, na sheria haikuliona. Umoja wa Ulaya una mtandao unaoitwa Natura 2000, maeneo zaidi ya 27,000, yanafunika kama asilimia 18 ya nchi kavu yao. Msingi wake ni sheria ya kulinda ndege wa porini ya 1979 na ya makazi ya viumbe ya 1992. Zimeorodhesha aina za misitu, malisho na ardhioevu kwa majina, na kila nchi inatakiwa isiache hata moja iharibike mahali ilipoandikwa. Ni sheria nzuri, imeokoa mengi, naiheshimu. Ila orodha imekaa palepale na viumbe wanahama. Mhifadhi wa huku atafika siku ya kuulizwa kwa nini msitu wa namba fulani haupo tena kwenye ramani, na jibu lake la kweli litakuwa kwamba umehamia kaskazini, kwenye shamba la mahindi la mtu.

Mwaka 2024 wamepitisha sheria nyingine, ya kurejesha maumbile, inayotaka kufikia 2030 kazi ya urejeshaji iguse angalau asilimia 20 ya nchi kavu na bahari yao. Ilipita kwa tabu, wakulima wengi wakiipinga. Mbwa mwitu nao wameingia kwenye siasa (wa huku ni wa kijivu, si hawa wenu wenye mabaka). Baada ya kutoweka Ujerumani zaidi ya karne moja walirudi wenyewe kutoka Poland, watoto wa kwanza wakaonekana mwaka 2000, na mwaka huu Ulaya imewapunguzia ulinzi kwa sababu ya kondoo.

Kuna jambo moja nilitaka kukusimulia uso kwa uso. Ndani ya hifadhi hii, juu milimani, kuna viwanja vya wazi vinavyoitwa Schachten, ambako wachungaji walilisha ng'ombe kwa karne kadhaa. Ng'ombe walipoondoka katikati ya karne iliyopita, msitu ukaanza kuvifunika, na maua na vipepeo vya pale vikaanza kupungua. Sasa hifadhi yenyewe inapandisha ng'ombe huko, wekundu, wa kizazi cha asili cha hapa. Nilisimama nikiwatazama wakila majani na kengele shingoni, ndani ya hifadhi ya taifa, nikawaza bonde la Usangu huko nyumbani, linakopita mto Ruaha, mwaka 2006. Nikawaza wafugaji walioswagwa na mifugo yao, na sisi tukiwa vijana tukiambiwa ndiyo njia pekee. Sisemi hali ni moja. Kule walikuwa maelfu kwa maelfu na mto ulikuwa unakufa. Lakini nimeanza kuamini kwamba tuliwahi kuuliza "wangapi, wapi, lini" kwa haraka mno, kama tuliuliza kabisa. Wewe uko karibu zaidi, nisahihishe.

Na kuhusu mto, ungeijua Doñana ungelia. Iko kusini mwa Hispania, ardhioevu kubwa ya ndege wanaohama. Wakulima wa stroberi wamechimba visima kuizunguka, vingine bila kibali, na maji ya chini yanashuka. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi mwaka 2021 kwamba Hispania haijayalinda maji hayo. Mwaka 2022 na 2023 Santa Olalla, ziwa lake kubwa ambalo halikuwa la msimu, lilikauka wakati wa kiangazi. Visima vya kule viko nje ya uzio, kama yalivyo mashamba ya mpunga yanayokunywa maji ya mto Ruaha kabla hayajakufikieni. Ndiyo maana nasema shida yao na yetu ni ndugu.

Wageni je? Sisi tunaomba waje, wao wanaomba wapungue. Kwenye hifadhi ya Berchtesgaden kuna bwawa dogo juu ya maporomoko ambalo picha zake zilisambaa mitandaoni. Watu wakakanyaga mimea mpaka ardhi ikabaki uchi, na mwaka 2021 palifungwa. Karibu na Marseille, ufuo wa Sugiton sasa unaingia kwa kuweka nafasi, watu 400 kwa siku wakati wa msimu.

Umeniuliza pia kama ningependa kubaki huku. Hapana. Ila nitarudi na kitu kimoja. Kwenye ukingo wa hifadhi hii kuna ukanda wa angalau mita 500 ambamo hawaachi kitu. Kila mti wenye unga wa kahawia unakatwa kabla mdudu hajaruka kwenda msitu wa jirani, na siku hizi mara nyingine wanachana gome tu, mdudu afe, gogo libaki kwa ajili ya uyoga na wadudu wengine. Vijana wanatembea mti kwa mti kiangazi chote. Kazi hiyo ndiyo inayoinunulia hifadhi haki ya kuacha katikati pasiguswe. Jirani anaona jasho lako kwenye mpaka wake, ndipo anakuvumilia kwa yale asiyoyaelewa. Ningekuwa na uamuzi, katikati ningeendelea kuacha, hata kwa joto hili, kwa sababu msitu unaojichagulia miti yake una nafasi kubwa kuliko tunaouchagulia sisi. Lakini ningeanza na ule ukanda.

Nimeambatanisha karatasi. Sikuthubutu kukutumia gome lenyewe, unajua kwa nini. Nililaza karatasi juu ya gome na kusugua penseli taratibu mpaka vijia vyote vikatokea. Njia nene ya katikati ni ya mama, hizo nyembamba ni za watoto. Ukifuata moja utaona inapanuka kadiri mtoto alivyonenepa, halafu inakoma pale alipogeuka kuwa mkubwa. Mwoneshe Tumaini, aihesabu. Mimi nilipata sitini na mbili.

Na wewe niandikie madimbwi mangapi yamebaki mtoni, na kama viboko wa pale darajani bado wana maji ya kuwafunika mgongo.

Ndugu yako wa bweni moja,
Mama Baraka