Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeandaa densi za Rameau

Mpwa wangu, hujambo?

Nimesikia kikundi chenu kimechagua densi za Les Indes galantes, opera ya mtunzi Mfaransa Rameau iliyoonyeshwa Paris mwaka 1735. Vizuri. Ila kabla ya kuhangaikia noti, shughulikieni mkono wa kulia, ule unaoshika upinde wa fidla. Muziki huu ulipigiwa wachezaji waliokuwa jukwaani, na bila upinde unaoeleweka mguu haujui pa kukanyaga.

Kanuni aliyoieleza mtunzi Georg Muffat mwaka 1698, akifuata mtindo wa Lully, mtunzi wa Ufaransa aliyemtangulia Rameau, ni hii: pigo la kwanza la kipimo, yaani la kila kundi la mapigo, hupigwa kwa upinde unaovutwa chini. Katika minueti, densi yenye mapigo matatu kwa kipimo, upinde ukienda chini na juu mfululizo, kipimo cha pili kitaanzia juu na mkazo utapotea. Kwa hiyo vuta chini, kisha sukuma juu mara mbili, ukiukatiza upinde kidogo katikati bila kuugeuza. Mwendo ukiwa wa pole, unaweza kupiga chini, juu, chini, halafu unyanyue upinde na kuvuta chini tena. Halafu kumbukeni kwamba hatua moja kamili ya minueti huchukua vipimo viwili. Hesabuni sita, anayegonga tatu-tatu huwachosha wachezaji na wasikilizaji pia.

Gavoti, densi nyingine, huanza nusu ya kipimo, na noti mbili za robo: ya kwanza chini, ya pili juu, ndipo uzito utue kwenye kipimo kinachofuata. Rigodoni, nayo ni densi, kwa kawaida hutanguliwa na robo moja tu, basi ianzieni juu.

Noti ndogo zinazopanda au kushuka hatua kwa hatua hazilingani urefu, hata kama zimeandikwa sawa. Katika minueti ni zile za nusu pigo: ya kwanza ndefu kidogo, ya pili fupi. Zinaporuka, ziacheni sawa. Kosa la kawaida ni kuzikaza mpaka zisikike kama zina nukta, yaani ya kwanza ndefu mno na ya pili fupi mno. Hapo ulaini wote unakwisha.

Sasa sauti za kati, ambazo hudharauliwa mno. Chini ya fidla kuna sauti mbili ziitwazo haute-contre na taille, zote mbili za viola, ndugu mkubwa wa fidla. Mkiwa na uhaba wa viola msimpe haute-contre mpiga fidla bila kukagua nakala, maana noti zilizo chini ya sol ya uzi mnene hazipatikani kwenye fidla. Kwa ala za kupuliza, obua ziungane na fidla, basuni ziungane na besi. Kinanda kinaweza kupumzika kwenye densi. Besi za densi hizi kwa kawaida hazina namba za akodi, zile zinazomwonyesha mpiga kinanda noti za kujazia.

Ile densi ya Les Sauvages, iliyoongezwa mwaka 1736, kiitikio chake hurudi zaidi ya mara moja. Msikiongezee kasi kila kinaporudi. Badilisheni ukubwa wa sauti, na trili, yaani kupishanisha haraka noti mbili jirani, zianzie noti ya juu.